Pleti yangu ya UFUKWE imekataliwa Maryland: je, uhuru wa kusema haunihusu?

Swali: Shikamoo Wakili. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, sasa naishi Silver Spring, Maryland. Niliomba pleti ya gari yenye neno UFUKWE, kwa kukumbuka nyumbani. Nimejibiwa kwamba haikubaliki, eti inasomeka kama tusi la Kiingereza. Nilimweleza dada wa dirishani kwamba maana yake ni mchanga wa pwani tu, akaniambia niandike barua. Kinachoniuma zaidi, kuna jamaa yetu hapahapa anatembea na tusi la nguoni la Kiswahili nyuma ya gari lake, na hakuna aliyemgusa. Wengine wananiambia nishitaki, Katiba ya Marekani inalinda uhuru wa kusema. Wengine wanasema pleti ni mali ya serikali, niachane nayo. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wote wanaokushauri wamesema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya jimbo lingine. Ungekuwa Tennessee ningekuambia chagua neno jingine ukalale. Ungekuwa California au Kentucky ningekuambia kaza buti. Maryland iko karibu zaidi na hao wa pili, lakini ina kesi yake moja ambayo lazima uijue kabla hujaandika barua yoyote, maana ndiyo itakayokusaidia na ndiyo itakayokubana.

Kwanza tumtendee haki yule dada wa dirishani. Mtu aliyekulia Baltimore hasomi u-fu-kwe kwa silabi kama wewe. Anaona herufi U, ambayo kwenye meseji za simu za Wamarekani ni "wewe", halafu anaona F-U-K. Baada ya hapo hata ukimwimbia taarabu kuhusu mchanga wa Kilwa, jicho lake limeshasoma lilichosoma. Idara ya Magari ya Maryland, hiyo MVA, ina orodha ya michanganyiko ya herufi isiyotolewa, na ombi linalofanana na kilichomo humo hukwama kabla mtu hajauliza lina maana gani.

Sasa sheria yenyewe. Usajili wa magari Marekani ni kazi ya majimbo, na kila jimbo lina bunge lake, idara yake na vigezo vyake. New York ndiyo iliyotangulia kulazimisha pleti, mwaka 1901, na wakati huo serikali haikutoa kibao chochote. Mwenye gari alijitengenezea mwenyewe na kuweka herufi za mwanzo za jina lake. Massachusetts ndiyo iliyoanza kutoa vibao vya serikali, mwaka 1903. Kwa hiyo anayekuambia pleti tangu asili ni sauti ya serikali, mwambie asome historia vizuri. Pleti za kwanza kabisa huko zilikuwa na herufi za jina la mtu.

Pleti ya kuchagua herufi ilirudi baadaye, safari hii kama bidhaa. Majimbo yaligundua kwamba watu wako tayari kulipa ziada ili gari liseme kitu. California tangu 1970 inaziita pleti za mazingira, kwa sababu ada yake inaingia kwenye mfuko wa kuhifadhi mazingira. Texas ilikwenda mbali zaidi, ikaipa kampuni binafsi kazi ya kuziuza, na mwaka 2013 pleti ya 12THMAN, ambayo ni jina la mashabiki wa chuo kikuu cha Texas A&M, ilinunuliwa kwenye mnada kwa dola 115,000. Kwetu Tanzania bei yenyewe ndiyo chujio, maana bajeti ya 2016/17 iliipandisha ada ya pleti ya jina kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka 3, na wenye kuimudu wanahesabika. Marekani hata mhudumu wa hoteli anaimudu, ndiyo maana kazi ya kuchuja maneno imewaelemea.

Swali ambalo mahakama zao zimekuwa zikigombania ni moja: herufi zile zikiwa barabarani, anayeongea ni nani, jimbo au mwenye gari? Jibu la hapo ndilo linaloamua kila kitu kingine. Ikiwa anayeongea ni jimbo, basi Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema, hayana nafasi, kwa sababu serikali haidaiwi kusema unalotaka wewe, wala kunyamaza unapotaka inyamaze. Ikiwa anayeongea ni wewe, jimbo linaweza kuweka masharti, lakini masharti hayo yawe na mantiki na yasibague mtazamo, yaani lisiruhusu anayesifia kitu na kumkatalia anayekiponda.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeigusa pleti mara mbili kubwa. Mwaka 1977 iliamua kesi ya New Hampshire, jimbo lililochapa kwenye pleti zake kaulimbiu ya "Ishi huru au ufe". George Maynard, muumini wa Mashahidi wa Yehova, aliifunika kaulimbiu ile, akapigwa faini na hatimaye akakaa jela siku 15. Mahakama ilisema jimbo haliwezi kumgeuza raia kuwa mbeba bango wake. Halafu mwaka 2015 ikaja kesi ya Texas, ambako chama cha wazao wa wapiganaji wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kilitaka pleti yenye picha ya bendera ya upande huo, yaani Konfederesi. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Stephen Breyer akaandika kwamba michoro ya pleti ni kauli ya serikali, na Texas ina haki ya kuikataa.

Jaji Samuel Alito alipinga, na mfano wake naupenda. Alisema hebu kaa kando ya barabara kuu Texas uangalie magari yakipita. Hili lina pleti ya wapenda gofu, lile lina pleti ya chuo kikuu cha Oklahoma, mahasimu wakubwa wa Texas kwenye mpira wao. Kweli utaamini Texas ndiyo inayosema ingependa kucheza gofu, na kwamba inawashangilia mahasimu wake? Mfano huo haukumpa ushindi, lakini umekuwa ukirudi kwenye kesi za baada yake.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, mawakili wakiwemo. Kesi ya Texas ilihusu mchoro wa pleti, ile inayotengenezwa kwa ajili ya kundi zima. Breyer mwenyewe aliandika kwamba wanashughulika na aina hiyo tu. Herufi anazochagua mtu mmoja kwa gari lake moja hazikuamuliwa. Majimbo yakaachiwa mlango wazi, na kila moja likaingia kivyake.

Indiana iliwahi mapema, mwaka huohuo wa 2015. Polisi mmoja alikuwa na pleti ya 0INK, mlio wa nguruwe kwa Kiingereza, akijitania mwenyewe kwa sababu huko polisi hutukanwa kwa jina la nguruwe. Idara iliifuta. Mahakama ya juu ya Indiana ikasema hizo herufi ni kauli ya serikali, kesi ikaishia hapo. Tennessee imefuata njia hiyohiyo Februari 2025. Mwanamke mmoja alikuwa na pleti ya 69PWNDU kwa takriban miaka 10 bila mtu kulalamika. Kwake 69 ni mwaka binadamu alipokanyaga mwezi, na zilizobaki ni lugha ya wacheza gemu wanapomshinda mtu. Jimbo likaona ngono. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi mwaka 2023, mahakama ya juu ya Tennessee ikaupindua.

Kentucky ni hadithi nyingine. Bwana mmoja alihamia huko kutoka Ohio, ambako pleti yake ya IM GOD, yaani "mimi ni Mungu", ilidumu miaka 12. Kentucky ikamkatalia. Mwaka 2019 Jaji Gregory Van Tatenhove wa mahakama ya shirikisho aliuliza swali rahisi: kama hizi herufi ni kauli ya Kentucky, je, Kentucky imetamka rasmi UDDER, ambacho ni kiwele, na BOOGR, ambayo ni kamasi kavu, na JUICY, na W8LOSS ya wanaopunguza uzito, na FATA55? Zote hizo zilikuwa zimeruhusiwa. Aliendelea kuona kwamba jimbo lilishatoa IM4GOD na LUVGOD, ikawaje hii moja tu ndiyo ya kuchafua hewa. Jimbo lilishindwa, na likalipa zaidi ya dola 150,000 za mawakili wa upande wa pili. Hukumu ile itafute uisome yote. Ni fupi, na utacheka.

Maryland yako ilijibu mwaka 2016, kupitia mahakama ambayo siku hizi inaitwa Mahakama ya Juu ya Maryland. Mtu mmoja alikuwa na pleti yenye neno la Kihispania MIERDA. Waswahili wenye majirani kutoka El Salvador wanajua maana yake: ni kinyesi, na si kwa lugha ya daktari. Alipewa mwaka 2009, akatembea nayo miaka 2, hadi mlalamikaji mmoja alipojitokeza. Idara ikaifuta. Mwenye pleti akakata rufaa ngazi hadi ngazi. Mahakama ya juu ikakataa hoja ya jimbo kwamba herufi ni kauli ya serikali. Ikasema ni kauli ya mtu binafsi, iliyo kwenye jukwaa ambalo serikali inalimiliki na inaruhusiwa kuliwekea masharti yenye mantiki. Hapo alishinda hoja kubwa. Kisha mahakama ikasema sharti la kukataa matusi lina mantiki na halibagui mtazamo wa mtu yeyote, na neno lile ni tusi. Pleti akaikosa.

Kesi hiyo inakupa nini wewe? Kwanza, Maryland haiwezi kukuambia "pleti ni yetu, tutasema tunachotaka" halafu ikaondoka. Pili, na hapa ndipo penye utamu, jimbo lenyewe lilisimama mahakamani likidai kwamba maana ya neno la kigeni ni muhimu. MIERDA kwa Kiingereza si kitu, ni herufi tu. Ilifutwa kwa sababu ya maana yake katika Kihispania. Kama maana ya Kihispania ilitosha kumhukumu yule bwana, kwa nini maana ya Kiswahili isitoshe kukutetea wewe? Hoja hiyo iweke juu kabisa ya barua yako.

Lakini usijidanganye kwamba itapita bila upinzani. Idara itakujibu kwamba tusi ni tusi kwa lugha yoyote msomaji atakayoisoma, na wasomaji wengi wa barabara za Montgomery, kaunti yako, wanasoma Kiingereza. Kwa maneno mengine, ukinaswa kwa lugha moja kati ya mbili, umenaswa. Majimbo mengine yameiandika kanuni hiyo waziwazi. Kanuni ya California ilikataza neno la kigeni, la mtaani, linalotamkwa kama tusi, na hata linalosomeka hivyo kwenye kioo.

Na mahakama zimewahi kuwa kali kwa hilo. Mwaka 1993, California hiyohiyo, pleti ya TP U BG ilifutwa. Wewe na mimi hatuoni chochote pale. Lakini kwenye mashine za makarani wanaonukuu kesi mahakamani, mibofyo hiyo ndiyo inayoandika lile neno la herufi F. Jimbo lilishinda, ingawa madereva karibu wote wasingelijua kamwe.

Maine wako karibu zaidi na shida yako. Baada ya miaka ya kulegeza, walikaza sheria mwaka 2021 na kuanza kurudisha pleti zilizokwishatolewa. Miongoni mwake ilikuwamo LUVTOFU, ya mtu asiyekula nyama ambaye gari lake lilikuwa na stika za tofu, chakula cha soya, nyuma. Yeye anasoma "napenda tofu". Jimbo likasema herufi zikikatwa vibaya zinatoa tusi. Alikata rufaa, akashindwa. Kwangu mimi uamuzi ule ulikuwa wa woga, maana stika zilikuwa palepale zikimtolea ushahidi. Lakini ndio uliotoka.

Upande wa pili wa nchi mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2019, profesa mmoja wa California ambaye ni shabiki wa Fulham, klabu ya soka ya London, aliishitaki idara ya magari ya jimbo lake. Alitaka COYW, ufupisho wa "Come On You Whites", yaani "haya, weupe", wito wa mashabiki wa klabu hiyo inayovaa jezi nyeupe, idara ikaona ubaguzi wa rangi. Jaji alikataa kuifuta kesi, na mwisho pleti akaipata. Mwaka uliofuata walikuja madereva 5 kwa pamoja. Mmoja alitaka DUK N A, kwa ajili ya pikipiki yake ya Ducati na jina lake Andrea. Idara ilisoma herufi hizo kwa sauti ikasikia tusi, kama ulivyofanyiwa wewe. Jaji Jon Tigar akasema kigezo cha "ladha njema na staha" hakifai, kwa sababu kinampa karani mamlaka ya kuchagua mitazamo anayoipenda.

Hapo ndipo tofauti na Maryland inapojitokeza, na si ya kukufurahisha. Kanuni ya Maryland haitumii ladha njema. Inataja lugha chafu, maneno ya kukashifu na mambo ya aibu. Hayo ni makundi yanayoeleweka, ndiyo maana yalipita mtihani mwaka 2016. Kwa hiyo usipoteze muda kuishambulia kanuni. Ikubali, kisha sema neno lako halimo ndani yake. Ukienda kwa hasira za "nina haki ya kusema chochote", utashindwa kama alivyoshindwa wa MIERDA. Ukienda na "neno langu si tusi, na nitakuthibitishia", unabishana juu ya ushahidi.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Toa nakala ya ukurasa wa kamusi unaolieleza neno ufukwe, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri anayekubalika mahakamani. Weka picha au mabango ya serikali na ya hoteli yanayolitumia. Yako mengi, kuanzia Dar hadi Zanzibar. Halafu fanya alivyofanya jaji wa Kentucky: tafuta pleti ambazo Maryland imeshazitoa zenye mfuatano wa herufi unaokaribia wako, au maneno ya Kiingereza yenye kuudhi zaidi. Ukizipata barabarani zipige picha, ila usizirushe mitandaoni, maana wenyewe hawajakukosea. Ombi likishakataliwa kwa mara ya mwisho, barua yao ndiyo itakayosema unakata rufaa wapi na kabla ya lini. Kesi ya 2016 ilianzia kwa jaji wa masuala ya kiutawala kabla ya kufika mahakamani, na ukishindwa pale una siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwenye mahakama ya kaunti. Siku hizo hazingoji mtu arudi kutoka likizo ya Tanzania.

Ushauri wangu: nenda kwenye usikilizaji huo wa kwanza, mwenyewe, bila wakili wa kulipwa. Ada ya wakili mmoja kwa asubuhi moja inazidi mbali ada ya pleti. Nakupa nafasi ya kushinda kiasi cha kutosha kukufanya ujaribu. Ukishindwa pale, mimi nisingeendelea mahakamani kwa neno hili. Ningechukua PWANI au BAHARI, kama hakuna aliyeniwahi.

Kuhusu huyo jamaa mwenye tusi la nguoni: usimfanye mfano kwenye barua yako. Alipita kwa sababu aliyechuja hajui Kiswahili, na atabaki salama mpaka siku Mswahili mmoja mwenye hasira atakapoandika malalamiko. Yule wa Kihispania alidumu miaka 2, wa Tennessee takriban 10. Ukimtaja, idara haitakupa wewe yako. Itamnyang'anya yeye yake, na mtakutana msibani au harusini.

Kama kiu yako ni neno lenyewe lionekane nyuma ya gari, kuna njia isiyohitaji ruhusa ya mtu. Chapisha stika. Georgia iliwahi kuwa na sheria ya kukataza stika zenye maneno machafu kwenye magari, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaifuta. Stika iliyozua kesi ilikuwa na ule msemo wa Kiingereza wa "mikosi hutokea", ambao badala ya mikosi hutaja kinyesi. Miaka 10 baadaye mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono jimbo la Vermont, lililomkatalia mwanamke mmoja msemo huohuo kwenye pleti, SHTHPNS. Maneno yaleyale, sentimita chache tu kati ya bampa na pleti.

Jambo la mwisho kabla hujalipia herufi zozote: usichague neno ambalo kompyuta inaweza kulielewa vibaya. Mtaalamu mmoja wa usalama wa mitandao California alichukua NULL, ambalo kwenye programu humaanisha "hakuna kitu", kwa mzaha kwamba faini zisingempata. Alipolipa faini yake moja halali, mfumo ukamtumia za magari mengine yote yaliyoandikwa bila namba, zaidi ya dola 12,000. UFUKWE haina hatari hiyo.

Ukipata jibu la pili kutoka idara, nitumie nakala, ila ziba anwani yako na namba ya usajili wa gari kabla hujaipiga picha.